Watu wa Mdomo wa Ruvuma: Mwenyeji ni Nani?

Liko neno ambalo husikika mara kwa mara barazani, sokoni, na hata nje ya mlango wa kanisa watu watokapo katika sala. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, au kiti katika halmashauri ya kijiji, au posa ya binti, mmoja humwambia mwenziwe, "Ninyi mmekuja tu, sisi ndio wenyeji." Neno hili ni fupi, walakini lina sumu. Likiisha kusemwa, shauri la shamba hugeuka kuwa shauri la damu, na watu waliokuwa jirani jana huanza kuhesabiana makaburi ya babu zao.

Nasi tufundishao watoto twaulizwa jambo lilo hilo darasani: watu wa kwanza wa hapa walikuwa kabila gani? Basi tumeona vema kuandika habari za watu wa pwani yetu, tangu Mikindani mpaka mdomo wa Ruvuma, jinsi walivyokuja na jinsi walivyohesabiwa, ili kila msomaji alipime mwenyewe neno lile la wenyeji, aone kama lina uzito au ni povu tu.

Tuanze na jina la mahali. Ghuba iliyokingwa na rasi ya Msimbati, kaskazini ya mdomo wa Ruvuma, huitwa Mnazi Bay, yaani Ghuba ya Mnazi. Nani asiyeujua mnazi? Twanywa maji yake, twala tui lake, twaezeka kwa makuti yake, twasokota kamba kwa makumbi yake. Mtu akiambiwa kwamba mnazi si wa hapa atacheka. Lakini wenye elimu ya mimea watuambia ya kwamba asili yake ni ng'ambo ya bahari, upande wa Bara Hindi na visiwa vya Asia ya kusini mashariki, na ya kwamba uliletwa pwani yetu zamani sana na mabaharia. Tena mwaka 2011 wataalamu waliochunguza mbegu zake walitoa habari kwamba minazi ya Bukini na Komoro ni mchanganyiko wa mbegu za Bahari ya Hindi na mbegu za visiwa vya mashariki ya mbali. Na watu wa Bukini wenyewe husema lugha ambayo ndugu yake wa karibu yu katika kisiwa cha Borneo, safari ya miezi mingi kwa tanga.

Je, mkorosho, utupao fedha? Huo ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16. Na muhogo, chakula chetu cha kila siku, nao ulitoka Amerika vivyo hivyo. Basi tukiwafukuza wageni wote katika mashamba yetu, tutalala na njaa siku ile ile. Miti haigombani kwa habari ya nani alitangulia. Kila mmoja hupimwa kwa matunda yake.

Sasa tuje kwa watu. Kabila kubwa la nchi hii ni Wamakonde. Wazee wao huwa na hadithi ya asili yao, na Mjerumani mmoja, mwalimu Karl Weule, aliyezunguka nchi za Lindi, Masasi, Newala na Mikindani mwaka 1906, aliisikia akaiandika. Hadithi yasema ya kwamba hapo kale palikuwa na mtu mmoja aliyekaa peke yake porini, hajaoga wala hajanyoa nywele. Siku moja alichonga sanamu ya mti akaisimamisha penye nyumba yake, na usiku ule sanamu ikawa mwanamke, naye akawa mke wake. Wakashuka mpaka mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akazaa mtoto, naye mtoto alizaliwa amekufa. Wakahama wakaenda bonde la Mbemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Ndipo waliporudi juu, katika msitu wa Mahuta, na huko mtoto wa tatu akazaliwa mzima akakua. Tangu hapo Wamakonde wakakaa juu, wakaogopa mabonde.

Sisi Wakristo twajua ni nani aliyemwumba mtu. Lakini tusiidharau hadithi hii, maana ina akili ndani yake. Mabondeni mna mbu na homa, tena ndimo zilimopita njia za wavamizi. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni haba, na wanawake walikuwa wakishuka na mitungi mpaka mabondeni na kupanda tena. Lakini msitu wake mzito ulikuwa kama boma. Tena iko habari nyingine ndani ya hadithi: hata watu wale wawili wa kwanza walihama mara mbili kabla ya kupata mtoto aliye hai. Kwa Wamakonde wenyewe, basi, ukoo haukuanza kwa kukaa, bali kwa kutembea.

Tena mapokeo ya wazee yasema kwamba Wamakonde walio wengi walitoka kusini, ng'ambo ya Ruvuma, wakavuka kidogo kidogo, ukoo baada ya ukoo. Wengine wakakaa juu Newala. Wengine wakashuka mpaka pwani wakachanganyika na watu wa bahari, nao ndio waitwao Wamaraba. Wengine waliokaa kandokando ya mto ni Wamatambwe. Na wale waliobaki kusini, katika nchi ya Mueda, majirani waliwaita Wamawia, walakini wao wenyewe hujiita Wamakonde. Tazama, basi: mtu aweza kuwa na majina mawili, moja alilojipa mwenyewe na moja alilopewa na wengine, na mwenye kuhesabu watu asipojihadhari atawahesabu ndugu kuwa makabila mbalimbali.

Tuwatazame na watu wa bahari. Mikindani ni bandari ya zamani. Majahazi yalikuja kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa pepo za kusi, yakichukua pembe za ndovu, sandarusi, mtama na ufuta. Waarabu walikuja, na Wahindi wenye maduka, na Waswahili wa Kilwa na wa visiwani, na ng'ambo ya mto kusini watu wasemao Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Wengine walikuja kwa vita: mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Bukini walivuka bahari kwa vyombo vingi wakapiga visiwa vya Komoro na vya Kerimba, na hata Mafia wakafika.

Wengine nao hawakuja kwa kupenda. Walikuja wamefungwa. Biashara ya watumwa iliteka watu wa nyanda za Nyasa, Wayao, Wamakua, Wamakonde na wengine, ikawateremsha mpaka pwani hii; na hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwezi Juni 1873, watumwa waliendelea kuvushwa kwa siri. Wengine wao hawakuvuka bahari. Walibaki katika mashamba ya pwani, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu wao wako hata leo, wala hakuna awezaye kuwatambua. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na neno lile, "Ninyi mmekuja tu." Maana babu zao walikuja kwa mnyororo, na anayewalaumu kwa kuja huwalaumu kwa dhambi ya aliyewafunga.

Mwezi Machi 1866 Dakta Livingstone alifika mdomo wa Ruvuma katika meli, akataka kushuka. Lakini mikoko na matope vilimzuia, ikambidi kurudi kaskazini na kushuka Mikindani. Alipoanza safari ya bara mwezi Aprili alikuwa na askari wa Kihindi kutoka Bombay, na watu wa Anzwani, na vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wakalelewa Nasik, huko Bara Hindi, na watu wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, kijana Myao. Alikuwa na ngamia pia, na msitu ulikuwa mzito hata ngamia hawakuweza kupita. Akawapa ujira Wamakonde wenye mashoka wamkatie njia. Watu wa nchi nyingi namna hii, njia moja! Walakini kwa pwani yetu jambo hilo halikuwa geni.

Habari ya Masasi yafaa kukumbukwa nasi sote. Mwaka 1876 Askofu Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, wanaume na wanawake hamsini na kitu, wakashuka Lindi wakaenda bara. Shabaha yao ilikuwa kufika upande wa ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakakaa, kwa kuwa wengi wao waliona ya kuwa wamekaribia nchi zao za asili. Mji ule wa Kikristo ulianza kwa watu wa makabila mbalimbali, waliokuwa na mambo mawili tu ya pamoja: walikuwa wamefungwa, na sasa wamefunguliwa. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliupiga mji ule. Watu wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa. Baada ya hapo kazi ya misheni ikapata kimbilio Newala, katika nchi ya Matola, mfalme wa Wayao. Fikirini, wasomaji: Myao, naye amekuja juu ya uwanda wa Makonde kama mgeni, akawapokea wageni wengine. Wamakua nao walikuwa wakivuka kutoka kusini katika karne hiyo hiyo na kujenga Masasi na kandokando ya Newala.

Iko desturi moja iliyosaidia sana kuwaunganisha watu hawa. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote, kwa mila yao ya kale, mtoto hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akija mgeni, akaoa hapa, watoto wake si wageni. Ni watu wa ukoo wa mama yao, wenye ardhi na wajomba na makaburi. Kwa hiyo mgeni alikuwa mgeni kwa umri mmoja tu. Kwa Waislamu wa pwani nasaba hufuata baba; na hapo Mwarabu au mtu wa Komoro akioa mwanamke wa Kimaraba, mtoto aliweza kushika pande zote mbili, jina la baba na shamba la mjomba. Ndiyo maana katika vijiji vyetu utamkuta mtu mmoja ana babu wa Kilwa, bibi wa Kimakonde na mjomba wa Kimakua, naye hajui kwa hakika ajiite nani, isipokuwa siku ya ugomvi.

Sasa tuje kwenye mpaka. Mto Ruvuma haukuwa mpaka hapo kale. Ulikuwa njia, na kisima, na mahali pa kuvulia samaki. Watu waliuvuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kulima. Lakini mwezi Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana huko Ulaya kwamba mto uwe mpaka wa nchi zao. Hakuna mtu wa Ruvuma aliyeulizwa. Sultani wa Unguja alikuwa na madai yake mpaka ghuba ya Tungi, kusini ya mto. Mwanzoni mwa mwaka 1887 Wareno wakaitwaa Tungi kwa mizinga. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, nchi ndogo iliyo kusini ya mdomo wa mto. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu, Wareno wakaiingia, na mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yakawaachia.

Tumfikiri mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1880, akakaa pale pale siku zake zote, hakuhamisha hata jiwe la jiko lake. Alizaliwa chini ya bendera ya Sultani. Akaoa chini ya bendera ya Wajerumani. Akazeeka chini ya bendera ya Wareno. Wajukuu wake, tangu tarehe 25 Juni 1975, wakawa raia wa Msumbiji huru. Na nduguye, mtoto wa mama yake, aliyevuka mto kwenda kulima mtama Mahurunga, alipita kwa Wajerumani, akapita kwa Waingereza, na wajukuu wake ni raia wa Tanzania. Je, kati ya ndugu hawa wawili, nani ni mgeni? Yule aliyevuka maji, au yule aliyevukwa na bendera?

Baada ya hapo watu waliendelea kutembea, mara kwa kazi, mara kwa hofu. Wamakonde wa kusini walivuka kwa kukimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wareno, wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Tanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza shauri lao kubwa la karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali pake. Kwa ajili yake ilijengwa reli, na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954. Karanga hazikustawi, mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Lakini mji wa Mtwara ukabaki, na watu waliokuja kwa kazi kutoka pande nyingi wakabaki nao. Kisha vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na maelfu ya watu wakavuka Ruvuma na mizigo kichwani. Walipokewa, wengine wakapewa makao Rutamba katika nchi ya Lindi, na wengi zaidi wakaingia tu katika nyumba za jamaa zao, bila kuandikwa na mtu.

Hapa twafika kwenye shauri la kuhesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 serikali ya Tanganyika iliuliza kila mtu kabila lake, na Wamakonde wakaonekana kuwa zaidi ya 330,000, wakiwa wa tatu kwa wingi baada ya Wasukuma na Wanyamwezi. Mwaka 1967, katika hesabu ya kwanza baada ya uhuru, waliuliza tena. Ilikuwa mara ya mwisho. Tangu hapo mwenye kuhesabu huuliza umri, elimu, kazi, nyumba ya bati au ya makuti, lakini haulizi kabila. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012, na mwaka 2022 walikuwa 1,634,947; ni Wamakonde wangapi, Wamakua wangapi, Wayao wangapi, serikali haisemi.

Wengine hulalamika, husema ya kwamba kwa kutohesabiwa makabila yetu yatasahauliwa. Wengine hushukuru. Ili tuone pande zote mbili, na tutazame upande ule ulikotoka mnazi. Iko nchi ya Malaysia, yenye Wamalayu na makabila mengine ya asili, na Wachina, na Wahindi. Wachina na Wahindi wengi waliingia siku za Waingereza, katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kwa ajili ya kazi za bati na mpira, kama vile watu wetu walivyoitwa na mkonge na karanga. Nchi ile huwahesabu watu wake kwa asili: mwaka 2020 walikuwa karibu milioni 32 na nusu, na katika kila raia mia, 69 waliandikwa bumiputera, yaani wana wa ardhi, 23 Wachina, na karibu 7 Wahindi. Na wana wa ardhi hupewa nafasi ya pekee katika sheria. Mwezi Mei 1969 pakawa na ghasia mbaya kati ya Wamalayu na Wachina katika mji mkuu, na watu wengi wakafa. Wako wasemao kwamba hesabu ile ya asili imewasaidia maskini waliokuwa nyuma. Na wako wasemao kwamba mjukuu wa mgeni, ambaye hajui nchi nyingine, bado husomewa asili ya babu yake kila aendapo kuandikishwa. Twaona kwamba maneno yote mawili yana kweli ndani yake.

Walakini tusijisifu upesi. Kutohesabu kabila kwaweza kufunika ugomvi, lakini hakuuponyi. Gesi iligunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982. Ilipokusudiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, palitokea ghasia Mtwara, Januari na tena Mei 2013. Nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Tangu mwaka 2015 gesi hupita katika bomba hilo kutoka Madimba. Shauri la haki ya watu wa mahali katika mali ya mahali ni shauri jema, tena ni lazima lisemwe. Ubaya huingia pale mtu anapoacha kuuliza, "Je, mgawo ni wa haki?" akaanza kuuliza, "Je, jirani yangu ni wa hapa kweli?"

Tena kutohesabiwa kabisa kwaweza kuwa msiba, na habari hii yawahusu jamaa zetu. Katika miaka ya 1930 na baadaye Wamakonde wa Msumbiji walikwenda mpaka Kenya, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa katika nchi ya Kwale. Wakazaa watoto, na watoto wakazaa watoto, wote katika Kenya. Lakini hawakuwa na vyeti. Asiye na cheti hapati kazi ya halali, haandikishi shamba, hapigi kura. Mwezi Oktoba 2016 walisafiri kutoka Kwale mpaka Nairobi, sehemu ya njia kwa miguu, wakamwendea Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kwao kuitwa kabila hakukuwa majivuno. Ilikuwa ni kukiri tu ya kwamba wapo.

Basi hesabu ni kama panga: hulimia na hujeruhi, kwa kadiri ya mkono unaoishika. Maandiko Matakatifu yanayo yote mawili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu kwa kiburi, na nchi ikapata tauni. Lakini siku za Kaisari Augusto watu walipokwenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao, Mwokozi wetu mwenyewe alizaliwa safarini, katika mji ambao mama yake hakupata chumba cha wageni. Yeye aliye mwenyeji wa mbingu na nchi alikuja akawa mgeni. Na Ruthu Mmoabi, aliyeokota masazo katika shamba la watu, akawa mama wa babu yake Daudi. Kama mzee mmoja wa Bethlehemu angalimfukuza siku ile, akisema, "Wewe umekuja tu," tufikiri ni nini kingalipotea.

Mambo haya hayakuishia zamani. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, kusini tu ya Ruvuma, ulishambuliwa na watu wenye silaha, nao wakazi wake wakakimbia kwa madau na kwa miguu. Wako waliovuka mto kuja upande wetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitangaza mwaka ule kwamba maelfu ya waliovuka walirudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano. Serikali ina mizigo yake ya kulinda nchi, na kijiji chetu cha Kitaya kilikwisha kuonja damu Oktoba 2020. Hatulisahau jambo hilo. Walakini wale waliovuka ni watoto wa watu wale wale. Lugha yao twaielewa, majina ya koo zao twayajua, na mwaka 1964 tuliwafungulia mlango.

Basi turudi kwenye swali letu. Mwenyeji wa mdomo wa Ruvuma ni nani? Ukitafuta mtu ambaye babu zake hawakutoka kokote, hutampata, si katika Wamakonde, si katika Wamakua, si katika Wayao, wala Waswahili, wala Waarabu, wala Wahindi. Hata mnazi hutaupata. Watu wa hapa wote walikuja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alifika asubuhi na mwingine alasiri. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa maneno hayo walionyesha alama ya mwenyeji: ni yule aliye na mlango wa kufungua, naye akaufungua.

Twawasihi, basi, wazazi na walimu: waelezeni watoto habari za koo zao kwa ukweli, pamoja na safari zote na minyororo yote, wala msione haya. Na siku ile mtakaposikia barazani neno lile, "Ninyi mmekuja tu," mjibuni mwenye kulisema kwa upole, "Ni kweli, ndugu yetu, tumekuja. Nawe ulikuja kwa njia ipi?" Kisha rudini kwenye shauri la shamba, mlipime kwa haki.